Eksirei ya shingo: inachokiona, inachokikosa, na tabu ya pingili ya saba

Msimu wa karafuu ukipamba moto Pemba, hospitali nazo huanza kupokea watu walioanguka. Mkarafuu si mti wa kuchezea. Mita 8 hadi 12 ni urefu wa kawaida, karafuu zimejazana kwenye ncha za matawi, na matawi yenyewe ni mepesi kukatika hata kwa mchumaji aliyeujua mti tangu utotoni. Unguja nako kuna wakwezi wa minazi, kuna ajali za vespa na bodaboda, na kuna vijana wa makachu pale Forodhani wanaojirusha baharini kutoka ukutani. Anayetanguliza kichwa wakati maji yametoka hukutana na mchanga. Wote hawa wakifikishwa hospitali wakilalamikia shingo, jamaa waliowaleta huwa na ombi moja: "Daktari, si apigwe picha tujue?"

Apigwe, hilo halina ubishi kwa wengi wao. Tatizo huanza baadaye, pale majibu yanapotoka na mtu akasema, "Picha safi, alhamdulillahi, mzima huyu." Eksirei haisemi kwamba shingo ni nzima. Inasema kwamba katika sehemu zilizoonekana, kwa pembe zilizopigwa, hakuna mfupa ulioonekana umevunjika au umehama. Kauli hizo mbili ziko mbalimbali, na wapo watu waliopooza kwa sababu aliyesoma picha alizichukulia kuwa ni moja.

Shingo ya binadamu ina pingili 7. Ya kwanza ni pete inayobeba fuvu. Ya pili ina kijiti cha mfupa, wenyewe madaktari hukiita jino, kinachosimama ndani ya pete hiyo. Nusu hivi ya uwezo wetu wa kugeuza kichwa kulia na kushoto hutoka kwenye kiungo hicho kimoja. Pingili tano zinazofuata zinafanana zaidi, na kati yao mna diski laini. Ndani ya mfereji unaopita katikati ya zote mna ugwe mgongo, unaopeleka amri za ubongo mwilini. Mishipa inayoendesha kiwambo cha pumzi hutoka usawa wa pingili ya 3, ya 4 na ya 5, ndiyo maana aliyeharibika ugwe juu ya hapo huweza kukata pumzi kabla hajafika hospitali, na aliyeumia chini ya hapo hupumua lakini akapoteza mikono au miguu. Mfupa uliovunjika wenyewe hutibika. Kinachoogopwa ni mfupa uliovunjika kuhama na kuubana ugwe, tena pengine saa kadhaa baada ya ajali, mikononi mwa watu wanaomsaidia.

Kwa hiyo kabla ya picha kuna mambo mawili ambayo nayasema kwa ukali. Aliyeanguka hanyanyuliwi msobemsobe, mmoja mikono mwingine miguu, kichwa kinaning'inia. Wala hapakiwi mshikaki kwenye pikipiki kati ya dereva na ndugu yake. Analazwa chali juu ya ubao, mlango au kitanda, mtu mmoja anakishika kichwa pande zote mbili kikae sawa na kifua, na anageuzwa mwili mzima kwa pamoja pakiwa na haja. La pili ni kukandwa. Mafundi wa viungo tunao, na wapo wanaojua kazi yao kwa mkono au mguu ulioteguka. Shingo ya mtu aliyeanguka leo haivutwi, hainyooshwi, haichuliwi mafuta na yeyote mpaka ijulikane ina nini.

Picha tatu, si moja

Mionzi ya eksirei iligunduliwa na Wilhelm Röntgen Novemba 1895, na msingi wake haujabadilika. Mionzi hupita kirahisi kwenye hewa, kwa tabu kidogo kwenye nyama, na huzuiwa sana na madini ya kalsiamu yaliyomo kwenye mfupa. Kwa hiyo hewa hutoka nyeusi, nyama kijivu, mfupa mweupe. Lakini kitu chenye unene kimelazwa bapa, mifupa ya mbele na ya nyuma imelaliana, kama kivuli cha mkono ukutani kisivyokuonesha kidole kipi kiko mbele. Ndiyo sababu shingo iliyoumia hupigwa angalau picha tatu: ya ubavuni, ya mbele, na moja ya mdomo wazi.

Ya ubavuni ndiyo mama yao. Mgonjwa habebwi kusimamishwa wala hageuzwi ubavu. Anabaki chali na kola yake ya shingo, na mashine ndiyo inayoletwa pembeni yake, ikawekwa mbali, karibu mita 1.8, ili picha isikuzwe ikapotosha vipimo. Hapo ndipo pingili ya saba huanza kuleta tabu. Mabega hufunika chini ya shingo. Kwa mtu mwembamba pingili zote huonekana, lakini mletee mtaalamu wa eksirei mchukuzi wa bandarini au mkwezi mwenye mabega yaliyojaa, atapata pingili tano safi na baada ya hapo weupe mtupu. Basi msaidizi husimama upande wa miguu, akashika vifundo vya mikono na kuivuta taratibu kuelekea chini, mabega yateremke wakati picha inapigwa. Mkono au mtulinga ukiwa umevunjika, hilo halifanyiki. Njia nyingine ni mkao wa muogeleaji, mkono mmoja juu ya kichwa na mwingine chini, mionzi ikapita kwapani. Picha yake huwa na ukungu na kuisoma kwataka uzoefu.

Kanuni yenyewe ni fupi: picha ya ubavuni isiyoonesha pingili zote 7 pamoja na ukingo wa juu wa pingili ya kwanza ya kifua haijakamilika. Haiitwi safi. Ningependa kila jamaa wa mgonjwa ajue kuuliza, kwa adabu zote, "Daktari, ya saba imeonekana?" Hakuna daktari mwenye haki ya kukasirikia swali hilo, kwa sababu naye alifundishwa kulijibu kabla ya jingine lolote.

Picha ikishakamilika, msomaji hatafuti ufa kwanza. Anatazama mpangilio. Ukipitisha mstari mbele ya miili ya pingili, mwingine nyuma yake, na wa tatu kwenye ukuta wa nyuma wa mfereji, mistari yote mitatu itateremka kwa mpindo laini bila ngazi. Pakiwa na ngazi, pingili moja imeteleza juu ya mwenziwe. Ikiteleza kiasi cha robo ya upana wake, aghalabu kiungo kidogo cha upande mmoja, kati ya viwili vinavyoziunganisha pingili kwa nyuma, ndicho kilichochomoka. Ikifika nusu au kuzidi, vyote viwili vimechomoka, na hapo ugwe uko hatarini. Halafu anatazama urefu wa kila pingili, maana iliyopondwa kwa mbele huwa fupi, na nafasi kati ya miiba ya nyuma, maana iliyoachana ghafla huashiria kano zimekatika.

Baada ya hapo anatazama kitu ambacho wengi hawakidhanii: nyama iliyo mbele ya mifupa. Damu ikivuja kwenye mfupa uliovunjika, nyama hiyo huvimba. Kwa mtu mzima, mbele ya pingili ya tatu haitakiwi kuzidi kama milimita 7, na mbele ya zile za chini, ya sita na ya saba, kama milimita 21 au 22. Mara nyingine uvimbe huo ndio dalili pekee, mfupa wenyewe unaonekana hauna neno. Na kosa la kinyume lipo pia. Mtoto anayelia wakati wa kupigwa picha hujaza nyama hiyo bila jeraha lolote.

Picha ya mdomo wazi inahusu pingili mbili za juu, ambazo kwa mbele hufichwa na taya na meno. Sehemu ya mbele ya kola hufunguliwa huku mtu amekishika kichwa, mgonjwa anafumbua mdomo kadiri awezavyo, na mionzi inaelekezwa ndani. Kama ana meno ya bandia, yanatolewa. Kinachotakiwa ni kuliona jino la pingili ya pili limesimama katikati, nafasi ya kulia sawa na ya kushoto, na kingo za pete ya juu hazijatokeza nje ya pingili iliyo chini yake. Mtu aliyeangukia utosi, au aliyepiga mbizi kwenye maji mafupi, fuvu lake huisukuma pete hiyo mpaka ikapasuka na kutawanyika. Daktari mpasuaji Geoffrey Jefferson wa Uingereza alilieleza jeraha hilo mwaka 1920, na hadi leo lina jina lake. Kingo za pande zote mbili zikijumlishwa na kutokeza kwa milimita 7 au zaidi, kano kuu inayolishikilia jino inashukiwa kukatika. Lakini hapo pana mtego. Kivuli cha meno ya mbele ya juu kikipita juu ya kijiti hicho huchora mstari mweusi unaofanana kabisa na ufa, na wapo waliovishwa kola wiki nzima kwa ajili ya kivuli cha meno yao wenyewe. Kwa mgonjwa aliyezimia picha hii haipatikani, maana hawezi kufumbua mdomo.

Ya mbele inaonesha kama miiba imejipanga katikati na kama kuna pingili iliyojizungusha. Ina faida yake, lakini haina mengi.

Kuna jambo dogo linaloharibu picha nyingi kwetu: pini za ushungi, hereni, mkufu, na hirizi iliyofungwa kwenye kifuko cha chuma. Vyote hutoka vyeupe kuliko mfupa na vinaweza kukaa juu hasa ya mahali panapotafutwa. Vinatolewa mgonjwa akiwa amelala na kichwa kimeshikwa, na kitu kisichotoka kirahisi kinakatwa. Mama wa watu asiinuliwe kichwa kwa sababu ya pini.

Nani apigwe, nani aachwe

Si kila aliyeumwa shingo anahitaji mionzi, na hili limepimwa vizuri. Utafiti wa Marekani uitwao NEXUS, uliochapishwa mwaka 2000, ulifuatilia watu 34,069 katika hospitali 21. Mtu huachwa bila picha akitimiza mambo matano yote: hana maumivu akibonyezwa katikati ya kisogo na shingo, hana ganzi wala udhaifu wa viungo, akili yake ni timamu, hajalewa, na hana jeraha jingine lenye maumivu makali la kumsahaulisha shingo. Kati ya watu 818 walioonekana wameumia shingo, kigezo hiki kiliwakosa 8 tu, na kati ya hao ni 2 waliokuwa na jeraha la maana.

Hilo la tano lina uzito wa pekee kwa mchumaji karafuu. Aliyevunjika paja hana habari na shingo. Ukimuuliza "shingo je?" atakwambia haina kitu, naye hasemi uongo, ila maumivu ya paja yamefunika kila kingine. Jibu lake halitoshi kumvua kola.

Wakanada walitoa kanuni yao mwaka 2001, baada ya kuwachunguza watu wazima 8,924 walio macho na timamu. Wao hutazama umri na namna mtu alivyoumia. Mwenye miaka 65 au zaidi anapigwa. Mwenye ganzi mikononi au miguuni anapigwa. Aliyeanguka kutoka futi 3 au vidato 5 vya ngazi, au aliyeangukia utosi, anapigwa. Asiye na lolote kati ya hayo wala ajali nyingine ya hatari, na akawa na dalili njema, mathalani amekuja akitembea kwa miguu yake au ameketi bila tabu, huombwa ageuze kichwa mwenyewe nyuzi 45 kila upande. Akiweza, hapigwi mionzi ya bure. Ukiipima kwa maisha yetu, futi 3 ni kama urefu wa meza. Mkarafuu ni mara kumi ya hapo. Kwa hiyo anayeteremka mtini kwa kuanguka haulizwi mengi, anapigwa.

Wazee wanastahili neno lao. Babu aliyejikwaa barazani akaangukia paji la uso hachukuliwi kama ajali, watu humwinua, humpa maji na kumwambia pole. Lakini mifupa ya uzeeni ni dhaifu, na jino la pingili ya pili huvunjika kwa kuanguka kudogo tu kama huko. Akiendelea kushika shingo yake siku ya pili na ya tatu, mpelekeni. Picha yake nayo ni ngumu kusoma, kwa sababu shingo ya mzee ina vimiba vya mfupa na diski zilizosinyaa, na jeraha jipya hujificha kati ya uchakavu wa zamani.

Kwa watoto ni kinyume. Chini ya umri wa miaka 8 hivi, pingili ya pili huweza kuonekana imeteleza kidogo juu ya ya tatu na mtoto akawa mzima kabisa, na mistari ya ukuaji wa mfupa hudhaniwa nyufa. Nafasi kati ya jino na pete, ambayo kwa mtu mzima haizidi milimita 3, kwa mtoto hufika 5. Pia mtoto anaweza kuumia ugwe mgongo na mifupa yote isioneshe kitu, kwa vile kano zake zinavutika kuliko ugwe wenyewe. Mtoto aliyeanguka na kulalamika ganzi haaminiwi kwa picha peke yake.

Inakosa kiasi gani

Sasa swali gumu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2005 yalikuta kwamba kwa wagonjwa wa ajali eksirei iligundua asilimia 52 ya majeraha ya shingo, na CT, yaani eksirei ya kompyuta, asilimia 98. Kwa maneno mengine, eksirei ilikosa karibu nusu. Takwimu hizo zilibebwa zaidi na wagonjwa walioumia vibaya, ambao ndio vigumu kuwapiga picha nzuri, kwa hiyo si haki kuzibandika kwa kila mtu aliyeparama ukuta akateleza. Hata hivyo zilitosha kubadili mambo. Katika nchi zenye mashine za kutosha, mtu mzima wa ajali kubwa siku hizi huenda moja kwa moja kwenye CT, ambayo hupiga shingo vipande vyembamba na kuondoa kabisa fumbo la mabega.

Visiwani hatuwezi kuzungumza hivyo kirahisi. Mashine za eksirei ni nyingi kuliko za CT, na mgonjwa wa rufaa kutoka Pemba huweza kulazimika kuvuka bahari hadi hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Mtu asiyetulizwa shingo vizuri ndani ya boti, na mkondo wa Pemba tunaujua, anaweza kufika Malindi akiwa na hali mbaya kuliko aliyotoka nayo Mkoani. Kwa hiyo eksirei bado ina kazi kubwa hapa: iliyopigwa vizuri na kusomwa na mtu makini huonesha mifupa mingi iliyohama, na hizo ndizo shingo zisizongoja. Naona kosa letu si kuitumia. Kosa ni kuitumia kufunga mjadala. Mwenye ganzi, udhaifu wa viungo, fahamu zilizopotea au picha isiyokamilika anahitaji CT hata kama eksirei imetoka nzuri, na anayeshukiwa kuumia kano, diski au ugwe anahitaji MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, kwa sababu hivyo vitatu eksirei haivioni hata mara moja. Inaona mifupa iliyohama kwa sababu yao, basi.

Kuhusu mionzi, hofu ni kubwa kuliko kitu chenyewe. Eksirei ya shingo ina kama milisivati 0.2, milisivati ikiwa ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini. Mwanadamu hupata kwa wastani 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula, kwa hiyo ni sawa na mwezi mmoja wa kuishi. CT ya shingo hufika 3 hadi 6, nayo ndiyo yenye kuhitaji sababu. Mama mjamzito aseme kwamba ni mjamzito, lakini asinyimwe picha ya shingo. Mionzi inayofika tumboni kutoka huko ni kidogo mno.

Siku hizi picha hupigwa tena kwa simu ikiwa imeshikwa dirishani, ikatumwa kwa ndugu daktari Dar es Salaam au Muscat. Maoni ya pili si vibaya. Lakini tofauti ya milimita 2 kwenye nyama iliyovimba haivuki WhatsApp, na anayetumiwa haoni wala habonyezi shingo ya mtu. Ombeni faili lenyewe au filamu, pamoja na ripoti. Ripoti ikisema shingo "imenyooka", yaani mpindo wake wa kawaida umepotea, msishtuke peke yenu: misuli iliyokakamaa kwa maumivu, au kola yenyewe, huinyoosha shingo isiyo na jeraha.

Na aliyeruhusiwa kurudi nyumbani na picha nzuri, akiona mikono inachoma au inakufa ganzi, miguu inalegea, mkojo unaziba au unatoka bila taarifa, anarudi hospitali siku hiyo hiyo, usiku kama ni usiku, shingo ikiwa imetulizwa. Aliyebaki na maumivu tu, bila dalili hizo, hurudi kuonwa baada ya wiki moja au mbili, misuli ikishalegea. Hapo daktari anaweza kuagiza eksirei mbili za ubavuni, moja ameinamisha kichwa na nyingine amekiinua, kutazama kama kuna pingili inayoteleza kwa kukosa kano. Mgonjwa huinama mwenyewe mpaka pale maumivu yanapomwambia basi, na hakuna mkono wa mtu mwingine unaomsukuma.